Dini ya Chumba cha Otmari

Nilianzisha dini. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema mapema ili usije ukasoma mpaka katikati ukadhani kuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Wenzangu wa kidato cha pili walikuwa wanaanzisha bustani za mchicha na urafiki na wasichana wa bweni la masista, mimi nikaanzisha dini ya mwisho wa dunia, yenye salamu yake, sare yake na siku yake ya kufunga, na mafundisho nikayatoa kwenye mchezo wa televisheni. Ilikuwa na waumini wa kutosha timu ya mpira pamoja na wa akiba. Sasa niko kidato cha sita, nina ndevu tatu na heshima kidogo, na nisingeandika lolote kama Kandidus asingetokea mlangoni kwetu likizo ya Krismasi. Anasomea ufundi wa umeme Songea siku hizi. Amerefuka mpaka akainama kupita mlango wetu, akamwamkia mama shikamoo, akanigeukia na kuniuliza, "Mchungaji, kanisa bado lipo?" Mama alicheka. Mimi sikucheka. Wanaonijua wakisikia kwamba nilirushiwa utani nikakosa la kujibu, watasema siku hiyo nilikuwa na malaria. Tulikunywa chai kwa magimbi, tukaongea habari za nyaya, za mitihani, za binti fulani wa Peramiho, tukauzunguka mwaka ule kama watu wanavyozunguka dimbwi barabarani. Alipoondoka, mimi nikabaki ndani ya dimbwi.

Chumba cha Otmari kilikuwa nyuma ya duka la pembejeo, Mbinga mjini. Otmari alikuwa amepima kahawa kwa wanunuzi binafsi, wale walioanza kuja na malori yao soko lilipofunguliwa, wakagombania kahawa yetu msimu mmoja kama bibi harusi, na msimu uliofuata hawakuonekana. Walipoondoka yeye alibaki na televisheni na mashine ya gemu aliyoileta kutoka Kariakoo ikiwa imefungwa ndani ya blanketi. Blanketi hilohilo akalitundika dirishani. Mabenchi aliyanunua kanisani parokia ilipoleta viti vya plastiki, kwa hiyo ulikaa pale huku goti lako likitafuta pa kupiga magoti. Palinuka soksi, mafuta ya taa na mahindi ya kuchoma. Umeme wa mji wakati huo ulitoka kwenye jenereta na uliondoka bila kuaga, ukakuacha umenyoosha shingo kuelekea kioo cheusi, na hapo ndipo ulipoanza kusikia wakubwa wanaongea upande wa pili wa ukuta wa mbao.

"Ruzuku ya mbolea imekufa."

"Haijafa, mzee. Wamesema imebinafsishwa."

"Basi imekufa."

Nimesoma uchumi kwa walimu wawili tangu wakati ule, na bado sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Lakini mwaka ule hatukusikiliza. Tulikuwa tunangoja umeme urudi ili tuendelee kuogopa, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa wa kutisha. Ulikuwa wa CD tatu, kila moja kisa kizima kinachoanzia pale kilichotangulia kilipoishia. Wewe ni kijana mwenye tochi mbovu na kipande cha bomba, unamtafuta dada yako katika mji wenye ukungu kando ya ziwa. Mji umejaa watu waliovaa makoti ya kijivu yenye kofia. Hawakukimbizi. Hilo ndilo lilikuwa baya, hawakukimbizi kabisa. Wamesimama kwenye madirisha wanatazama ziwani, kwa sababu wanaamini siku moja maji yatatoa moshi, na siku hiyo dunia itakuwa imekwisha, na watakaopona ni wale tu watakaotoka kwenda kuulaki. Katika CD ya kwanza unaona tu alama yao milangoni: miraba iliyopangwa, na katikati ya kila mraba shimo. Mtoto yeyote wa Umatengo akiiona alama ile anaona shamba la bibi yake, vile tunavyolaza nyasi kwa miraba mlimani, tukazifukia kwa udongo, tukapanda maharage kwenye matuta na kuacha shimo katikati ya kunasa maji. "Jamani, wazungu wanaabudu ngoro!" nilipiga kelele siku ya kwanza, na chumba kikacheka mpaka mwenye duka akaja kugonga ukuta.

Kuanzia siku hiyo nikawa mkalimani. Watu wa mle kwenye mchezo waliongea Kiingereza kirefu cha kunong'ona, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni, ila nilikuwa na sauti na sikuwa na aibu. Nilipoelewa neno moja nililifanya kumi. Nilipokosa hata hilo moja, nilitunga. Madereva wa malori, wauza mitumba, wanafunzi watoro, wote walikaa kwenye mabenchi yale ya kanisa wakinisikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza padri. CD ya tatu ilikuwa na mchubuko. Watu wa makoti wanashuka ufukweni, moshi unapanda juu ya maji, wanaanza kuingia ziwani mmoja mmoja, na hapo picha inakatika vipandevipande na sauti inakwama kama mtu mwenye kwikwi. Otmari aliisugua kwa dawa ya meno, kwa ganda la ndizi, kwa pindo la suruali yake ya Jumapili. Haikupita. Hakuna mtu Mbinga aliyewahi kuuona mwisho wa dunia ile. "Mkalimani, inaishaje?" waliniuliza, na mimi niliwapa mwisho mpya kila siku. Siku moja waligeuka kambale. Siku nyingine chini ya maji kulikuwa na kilabu cha ulanzi, na mwenye kilabu alikuwa yuleyule mkuu wetu wa nidhamu.

Kandidus hakucheka hata kwa hilo la mkuu wa nidhamu. Mama yake alikuwa amefariki Januari, shule zilipofunguliwa, na mama yangu alikuwa mmoja wa akina mama waliomwogesha marehemu, maana waliimba kwaya moja. Mimi nilikwenda msibani kubeba maji. Nilimwona Kandidus amekaa kwenye ngazi ya jikoni, kashika sahani ya ugali mpaka ugali ukaota ganda. Tangu siku hiyo alikuja shule, akaandika, akajibu akiulizwa, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Kwa mtu kama mimi uso uliofungwa ni kama jino lililooza, ulimi hauachi kuligusa. Nilimwigizia walimu wote. Nilimwigizia mbuzi wa mwalimu mkuu. Hakuna. Basi mchana mmoja akaja kwa Otmari, akakaa benchi la nyuma, akatazama watu wa makoti wakishuka mpaka picha ilipokatika. Wengine walipotoka, aliniuliza kwa sauti ya chini, sauti ya kuulizia njia.

"Deo. Wakishaingia majini, wanakuta nini?"

Ningeweza kusema kambale. Nimeirudia dakika ile mara nyingi na kila mara nasema kambale. Lakini nilimtazama, nikataka kumpa kitu kizuri, ndiyo ukweli, na kitu kizuri kilichokuwa karibu na mdomo kilikuwa hiki: "Wanawakuta watu wao. Waliotangulia. Wamesimama kule chini, wamepika, wanawangoja."

Kandidus akatabasamu. Tangu Januari hakuna aliyekuwa ameyaona meno yake, nami nikayaona. Nilirudi nyumbani nikiruka mitaro. Nikadhani nimeshinda. Na kwa kuwa neno lile lilikuwa limefanya kazi mara moja, nikalirudia kesho yake, nikaliongezea chumvi, nikaweka na kwaya inayoimba chini ya maji.

Ile dini ilianza baadaye kidogo, kwa sababu ya baridi. Juni ya Mbinga unaijua kama umewahi kufulia nje. Sokoni likafunguliwa robota la mitumba lililojaa masweta ya kijivu yenye kofia, mamia kwa mamia, kama vile nchi nzima ya mbali ilikuwa imevua siku moja. Darasa letu likanunua. Asubuhi ya Jumatatu tulisimama mstarini kijivu kitupu, nikavuta kofia kichwani nikasema, "Moshi!" na mtu nyuma akajibu, "Upande!" Ikawa hivyo. Tulifunga Jumatano, siku ya makande yenye wadudu, kwa hiyo kufunga hakukutuumiza. Tulichora miraba yenye mashimo kwenye milango ya vyoo. Mwalimu wa zamu alipouliza ni nini, tulimjibu ni mradi wa kilimo, akatusifu. Hata nyumbani nilihubiri, nikiwa nimesimama juu ya kinu, na mama alicheka huku akijifuta macho kwa upande wa mkono wenye unga. Mama ndiye aliyekuwa msikilizaji wangu bora. Nikifanya kitu cha kuchekesha shuleni nilikuwa nakihifadhi mpaka jioni nimpelekee. "Haya nabii," angesema, "dunia haijaisha, kachote maji." Kandidus alivaa sweta lake, alifunga Jumatano, aliitikia "Upande" kwa sauti ileile ya kuulizia njia. Sisi wengine Jumatano tulifunga mchana tukavunja kwa mihogo ya kukaanga nyuma ya karakana. Yeye alifunga mpaka jioni. Nilimwona, nikasema moyoni: huyu naye ameanza kujua utani.

Mwishoni mwa mwaka kwaya yetu ya vijana ilialikwa kuimba kwenye sikukuu ya kanisa moja kando ya ziwa. Niliingia kwaya wiki mbili kabla ya safari, kwa wito wa wali. Mama naye alikuja, katika wale akina mama wa kupika. Tulipanda lori la kahawa, tukateremka ile milima kona baada ya kona, tukiimba mpaka vumbi likatunyamazisha, na kona moja Ziwa Nyasa likatokea chini yetu lote kwa mpigo. Wengi wetu hatukuwahi kuliona. Sisi ni watu wa mlimani. Maji tunayoyajua yanapita kasi na kuishia magotini. "Hilo ni ziwa au mbingu imedondoka?" mtu akauliza, na Mwalimu Longino, kiongozi wa kwaya, akasema, "Ni ziwa, na atakayeingia bila ruhusa yangu atarudi Mbinga kwa miguu." Joto lilipanda kadiri tulivyoshuka. Tulivua masweta mmoja mmoja. Kandidus alilivaa lake. Alilitoa kwenye mfuko wa plastiki, likiwa limefuliwa na kukunjwa, akalivaa, akafunga zipu mpaka kidevuni. Nilimwinulia dole gumba.

Misa ilikwisha, tulikula ugali wa muhogo kwa mbasa, samaki wa ziwa lile, wa kuchoma, na mama alibaki nyuma ya kanisa na akina mama wenzake kuinjika maharage ya jioni. Sisi tuliruhusiwa kukaa mchangani. Ziwa lilikuwa limetulia, halina hata kikunjo. Mtu wa kwanza kuona alikuwa msichana wa sauti ya kwanza. Alinyoosha mkono tu. Mbali majini ulikuwa umesimama moshi. Moshi mweusi, mnene, ulioanzia juu ya maji palepale pasipo moto wala chombo, ukapanda ukijisokota kama wa shamba linalochomwa. Halafu pembeni yake ukapanda mwingine. Halafu ule wa kwanza ukainama ukaanza kuja kwetu.

Sijui niseme nini juu ya nilivyojisikia, kwa sababu sikujisikia, nilikauka. Nilikuwa nimeona picha hiyo mara nyingi kuliko nilivyoona picha ya rais. Nilijua mahali inapokatika. Mimi, niliyetunga nusu ya dini ile juu ya benchi lenye misumari, nilianza kutubu dhambi zangu kwa mpangilio wa umri. Msichana yule akaanza Salamu Maria. Na nyuma yetu milango ikaanza kufunguka, watu wa kijiji wakaanza kutoka mbio kuelekea majini, wanawake, watoto, wazee, wameshika vikapu na sufuria na vyandarua, wanapiga vigelegele. Wanaulaki! Mama mmoja mnene alinipita akicheka, kapaka kikapu chake mafuta ndani, akaniona nilivyotoa macho, akasimama.

"We mwana wa Mbinga, umeona shetani?"

"Mama, shikamoo. Ule moshi..."

"Marahaba. Moshi gani? Nkungu ule! Inzi wadogo wadogo wa ziwani, wanatoka chini kwenye maji wanapanda. Tunawakamata, tunawatwanga, tunakaanga mikate. Leo na wewe utakula." Akawageukia wenzake. "Mama Stela, njoo uwaone hawa, wanaogopa kitoweo!"

Walicheka wote. Nikacheka na mimi, kicheko cha mtu aliyerudishiwa dunia. Hewa ilikuwa tayari imeanza kujaa vidudu, vinaingia masikioni, vinaingia kinywani, na watoto wakizungusha vikapu juu ya vichwa vyao. Nikageuka kumtafuta Kandidus, maana kichekesho kikubwa hivyo huwezi kukibeba peke yako.

Alikuwa majini. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni, kofia ya kijivu iko kichwani, mikono imelala pembeni, anatembea polepole na kwa adabu kama mtu anayekwenda kukomunika. Nikacheka zaidi. Sikilizeni jinsi ilivyokuwa, sitaki kujipunguzia: nilishika mbavu. Niliona Kandidus hatimaye amenijibu, mwaka mzima nimemrushia utani na leo ananirudishia mmoja mkubwa kuliko yote yangu. "Moshi!" nilimpigia kelele. Hakuitikia. Maji yakafika kifuani. Yule mama mnene akamwona, akaita, "We kijana, nkungu huvuliwa kwa kikapu, si kwa mdomo!" watu wakacheka tena. Na hapo mchanga wa ziwa lile unapokatika, pale wenyeji wanapopajua na sisi hatupajui, Kandidus alipiga hatua moja na hakuwepo.

Kofia ilibaki juu kidogo, imejaa hewa. Halafu nayo ikazama.

"Huyo hajui kuogelea!" Mama Stela, yule aliyeitwa aje kutuona, alipiga kelele. "Wa mlimani hao! Hawajui!" Vikapu vikaanguka. Yeye alikuwa wa kwanza, na kitenge chake na kilemba chake, akajitupa, na kijana mmoja aliyekuwa kwenye mtumbwi akapiga kasia upande ule. Mimi nilikuwa nimesimama. Kicheko kilikuwa bado usoni, nilikihisi kimeganda kama matope, sikujua namna ya kukitoa. Walizama, wakaibuka bila kitu. Walizama tena. Lile wingu la inzi lilitupitia juu, likafanya giza la mchana, na ndani yake nilisikia mtu analia jina la Kandidus, na baadaye niliambiwa ni mimi.

Walimtoa kwa lile sweta. Kijana wa mtumbwi aliinasa kofia, akamvuta nayo kama kikapu. Walimlaza kifudifudi mchangani, wakamkamua, maji yakatoka mengi kuliko nilivyodhani mtu anaweza kubeba, na mwishowe akakohoa, akatapika mbasa wote. Akina mama walikuwa wamekuja mbio kutoka jikoni, mama yangu mbele, mwiko mkononi. Alimvua sweta lile, akamfunga khanga yake, akamweka kichwa mapajani. Mwalimu Longino alipiga magoti mchangani, miwani imemteleza puani. "Kandidus, mwanangu, nilisema nini? Nani alikutuma majini?"

"Hakuna," Kandidus alisema. Alikuwa anatafuta mtu kwa macho katikati ya watu, si mimi. "Nilikuwa namfuata mama. Deo alisema siku ya moshi wanakuwa wamesimama pale chini, wamepika." Akakohoa. "Nilifika chini. Kuna mchanga tu."

Nilishawahi kuchapwa mbele ya shule nzima nikapiga saluti kila fimbo. Pale nilitamani mtu yeyote anichape. Hakuna aliyenigusa. Mwalimu Longino alinitazama kama anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Yule mama mnene aliokota kikapu chake, akakipiga mara moja gotini, akaondoka. Nilisema, "Ilikuwa ni gemu," na neno lenyewe lilivyotoka, pale mchangani, mbele ya watu wasiowahi kuiona mashine ya Otmari, lilikuwa neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kutamka. Mama hakuinua uso. Alikuwa anampangusa Kandidus mchanga masikioni kwa ncha ya khanga, sikio moja, kisha la pili. Nilimngoja mama anitazame. Hata kwa hasira. Hakunitazama mpaka walipomwinua Kandidus na kumpeleka nyumba ya katekista kupumzika.

Nikamfuata mama jikoni, nyuma ya kanisa, nikasimama kwenye moshi wa kuni kwa sababu sikujua pengine pa kusimama. Alikoroga maharage. Alionja, akaongeza chumvi. Nilikuwa nimetayarisha maneno, nilikuwa nayo mengi, na mengine, Mungu anisamehe, yalikuwa ya kuchekesha, kwa sababu sikuwa na aina nyingine. Alichukua sahani, akapakua ugali, akamwaga maharage pembeni, akaifunika kwa sahani nyingine na kunipa kwa mikono miwili kama anavyompa mgeni. Ndipo aliponitazama, akasema:

"Mpelekee Kandidus. Kaa naye mpaka amalize. Na usimchekeshe."